Baiskeli ya Baba

Watu wakinisikia ninavyosema Kiswahili changu cha shule hudhani ninakipenda. Sikipendi. Ninakitumia kama ninavyotumia njia ya kwenda sokoni, kwa kuwa hakuna nyingine. Lugha yangu ni Kisubi, na katika Kisubi huwezi kusema baba ukamwacha msikilizaji ajitafutie ni baba wa nani. Baba yangu mimi ni tata. Baba yako ana neno lake, baba wa yule pale naye ana lake, na maneno hayo hayaingiliani; hata mtoto anayejifunza kutembea hayachanganyi. Kiswahili kina Baba mmoja tu, amesimama peke yake bila mwenyewe, na mwenye sauti kubwa ndiye anayemchukua. Hilo nililijua siku niliyoshinda mbio, na hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Baba yangu alianguka katika shamba la kijiji chetu, Runazi, siku ya zamu yetu ya kupalilia mihogo. Zamani tulikaa kilimani, kila ukoo na migomba yake. Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, tukashushwa barabarani na kupangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Baba alikuwa wa kwanza kubomoa nyumba yake kule juu. Kila mkutano ulipoitishwa hilo lilisemwa, kwamba mzee huyu alijitolea kabla ya wote, na wakamfanya balozi wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa bado mdogo, nikaililia ile migomba kama mtu anavyoulilia msiba. Miaka yote iliyofuata, kila nilipomeza ugali wa mihogo nilimtazama na kujiuliza ni mtu gani huyu anayeuza ndizi za watoto wake kwa makofi ya mkutanoni.

Siku hiyo alianguka jembe likiwa mkononi. Waliokuwa karibu walitafuta nyoka kwenye majani. Wengine wakasema amepitiwa na upepo mbaya. Mganga wa zahanati alimfunua macho, akaunyanyua mkono wake wa kulia, akauachia, ukaanguka. Akasema ni kiharusi. Shangazi yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, akatoka nje kuwauliza watu ni harusi ya nani. Wapo waliocheka. Sikucheka mimi.

Upande wa kulia ulilala wote, mdomo ukaenda kando, na Kiswahili kikamtoka. Hili lilitushangaza sana. Maneno ya Kisubi yalibaki machache, akiyatoa moja moja kwa jasho, lakini kile Kiswahili cha mikutano alichojivunia kiliondoka chote siku moja. Watu wa ofisi walikuja kumjulia hali wakawa wanapaza sauti kana kwamba amekuwa kiziwi. Wakimaliza kupaza sauti walinigeukia mimi na kuniambia mzee amechoka, mwacheni apumzike. Kumbe kupumzika ndiko kulikokuwa kunammaliza.

Tulijua hivyo kwa sababu wanaume wa mtaa wetu walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, mwendo wa kutwa, wakipokezana mabegani na kuimba ili mgonjwa asiogope. Huko tulimkuta mtawa mmoja mkali, mwenye mikono minene kama ya mtwanga mahindi. Alisema kiharusi hakina sindano. Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi nayo yana wakati wake. Alimfunga Baba kibao kwenye kiganja, vidole vikiwa vimenyooshwa juu yake, akanionyesha namna ya kuvikanda kwa maji ya moto na kuukunjua mkono kutoka begani. Lakini kibao kile kilitaka kufunguliwa na kufungwa upya na mtu anayejua, kila wiki, kwa miezi michache.

"Mguu utarudi," aliniambia. "Mkono ndio unaonitia wasiwasi. Usipofunguliwa sasa utajifunga wenyewe, na ukishajifunga msiniletee hapa, sitakuwa na la kufanya."

Kwa hiyo tulijua kilichotakiwa. Tulitakiwa kumpeleka na kumrudisha, au kumpangia chumba karibu na hospitali na kumlisha huko. Chumba kilitaka hela, na chakula kilitaka mtu wa kukipeleka. Mara ya pili alibebwa tena kwa machela. Mara ya tatu hapakuwa na wabebaji. Vita vilikuwa vimeanza huko mpakani, na wanaume wale wale wenye mabega walikuwa wamechukuliwa, wengine mgambo, wengine moja kwa moja mstari wa mbele. Malori yalikwenda na jeshi. Petroli ilikuwa ya kusimuliwa. Barabara iliyotufanya tuhamishwe kutoka kilimani, eti ili tuwe karibu na huduma, ilikaa tupu juma zima, kuku wakitaga pembeni mwake.

Ndipo zikatangazwa mbio. Katibu kata alipita na kipaza sauti cha betri akisema kutakuwa na mashindano ya kuhamasisha wananchi wachangie chakula cha wapiganaji wetu wanaomchapa nduli aliyetuvamia. Njia ingeanzia uwanja wa shule, ishuke mpaka darajani, irudi. Mshindi, yeyote yule, angepata baiskeli.

Asiyeishi miaka ile hataelewa nilivyosikia neno hilo. Sabuni ilikuwa kwa mgawo, chumvi ilikuwa kwa mgawo, na shuka la kumzikia mtu liliombwa ofisini. Baiskeli, tena mpya, nyeusi, ya Kichina, yenye kengele na kiti cha nyuma cha chuma! Niliiona imeegemezwa kwenye mlango wa ofisi na nikaanza kuigawa kazi pale pale. Kila wiki ningempakia Baba nyuma, nimfunge kwa kanga kiunoni mwangu, mama asukume milimani. Siku nyingine ningepakia mihogo na maharage ya watu niyapeleke Biharamulo mjini, na ujira wake ungelipa chumba. Nilimwambia mama. Mama akasema mimi ni mwanamke. Nikamwambia katibu amesema yeyote, na waliokuwa wakinishinda kukimbia wote wako vitani.

Hilo lilikuwa kweli, na watu walilisema baadaye kana kwamba wananipunguzia kitu. Waliojipanga mstarini walikuwa wavulana wa shule, mwalimu mmoja aliyevaa viatu, wazee wawili waliotaka kuonekana, na vijana wachache wa vijiji vya Nyabusozi na Kaniha waliokataliwa na jeshi kwa sababu hii au ile. Mmoja wa Kaniha alikuwa na jicho bovu lakini miguu yake ilikuwa mizima kabisa, na huyo ndiye niliyemwogopa. Wasichana tulikuwa watatu. Watu walicheka tulipokunja sketi zetu na kuzifunga.

Sitaki kuzipamba zile mbio. Nilikimbia kwa hasira, basi. Kwenda darajani ni mteremko, na wavulana wakafyatuka kama waliotumwa, nami nikawaacha waende. Nilikuwa nimezoea kupanda na ndoo ya maji kichwani njia ile ile, mara mbili kwa siku, na nilijua inapoumia. Wakati wa kupanda nikaanza kuwakuta mmoja mmoja wameshika viuno. Mwalimu alikuwa amevua viatu amevishika mkononi. Kijana wa Kaniha alikuwa mbele yangu mpaka tulipoanza kuona paa la shule, na nilipomkaribia upande wa jicho lake bovu hakuniona mpaka nilipokuwa nimeshampita. Kama hiyo ni hila, ni hila. Nilifika uwanjani mate yangu yana ladha ya chuma, na wanawake wa mtaa wetu wakapiga vigelegele mpaka nikaona aibu.

Nikapandishwa jukwaani. Jukwaa lenyewe lilikuwa meza mbili za darasani zilizounganishwa. Katibu kata alikuwa mgeni kwetu, kijana bado, suruali imepigwa pasi, Kiswahili chake kimenyooka, Kisubi hajui hata salamu. Akanishika bega, akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Nadhani alitaka tu niseme neno la furaha.

"Haya, mshindi wetu. Baiskeli hii ni ya nani?"

Pumzi sikuwa nayo. Laiti ningekuwa na pumzi ningesema maneno mengi. Nilisema matatu.

"Ni ya Baba."

Akakivuta kipaza sauti kama aliyeungua. "Mmesikia, wananchi? Binti huyu amekimbia kwa jasho lake, na baiskeli hajaitaka. Amesema ni ya Baba. Baba wa Taifa! Amejitolea kwa ajili ya vita!"

Uwanja ukalipuka. Nilimvuta shati. Nikamwambia hapana, ni baba yangu. Akanitazama kwa macho yenye machozi, kweli kabisa, machozi, akasema kwenye kipaza sauti: "Ndiyo, ni baba yako. Ni baba yangu. Ni baba yetu sote." Wakaanza wimbo. Mimi nimesimama juu ya meza, wimbo unaimbwa kunizunguka, na mgambo wawili wanaibeba baiskeli juujuu kuirudisha ofisini. Nilisema tena kwa Kisubi, kwa nguvu zangu zote, na wanawake waliokuwa mbele walinielewa. Niliona nyuso zao zinabadilika. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Lakini nani angepanda kwenye meza ile, wakati wa vita, kusema kwamba baiskeli haiendi kwa Baba wa Taifa? Wakainamisha macho wakaendelea kupiga makofi, polepole.

Mpaka leo sijui kama katibu alinisikia vibaya au alinisikia vizuri sana. Nimewahi kuambiwa nimsamehe kwa kuwa hakujua. Basi na ajue kwanza, halafu tutaona habari ya msamaha.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta Baba ametolewa nje, ameketishwa kwenye kiti, kibao mkononi, na watu wa ofisi wamemzunguka wanampongeza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, mmoja alisema akicheka, yaani mtoto wa mzee aliyejitolea naye amejitolea. Na Baba alikuwa anatabasamu. Nusu ya uso wake ambayo bado ilimtii ilikuwa imejaa tabasamu. Nikaingia ndani nisije nikamtukana mgonjwa. Nilisema moyoni: huyo hapo, ameuza migomba, sasa anafurahi nimeuza na mkono wake.

Wageni walipoondoka nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kwa Kisubi, bila kumpaka mafuta. Nilimwambia sikujitolea. Nilimwambia nilisema tata, wakasikia mwingine. Ile baiskeli ilikuwa ya kukupeleka kwa mtawa, wewe, na si mtu mwingine yeyote. Tabasamu likaondoka polepole, upande mmoja, na nikagundua kwamba wakati wote ule hakuwa ameelewa walichokuwa wakimwambia. Walikuwa wamempongeza kwa Kiswahili. Alitabasamu kwa sababu watu walikuwa wakitabasamu.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kilimani, kulikokuwa na makazi yetu ya zamani, akapambana na ulimi wake.

"Na mimi," akasema. "Sikusema."

Nilidhani amechanganyikiwa. Mama ndiye aliyenieleza, akiwa anachambua maharage, bila hata kuinua kichwa, kana kwamba ni habari ya jirani. Walipokuja na operesheni waliitisha mkutano, ofisa akaeleza mambo kwa Kiswahili kirefu, kisha akamnyooshea Baba kidole mbele ya wote akamuuliza: mzee, umesikia? Baba, ambaye Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado kichanga, kwa adabu akajibu, nimesikia. Alimaanisha masikio yake yamefanya kazi. Yule ofisa akaandika kwamba mzee amekubali kuhama wa kwanza. Kesho yake gari lilikuja kusaidia kubomoa, na makofi yakapigwa, na baada ya makofi mtu hakanushi. Mama alisema Baba alilala siku nyingi bila kula. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema ningekuwa mtoto mwenye baba aliyedanganywa, na Baba aliona ni afadhali niwe mtoto mwenye baba niliyemkasirikia.

Kwa hiyo hata hasira yangu ya miaka yote hiyo ilikuwa imepelekwa kwa mtu asiye wake. Nayo nikaitaka irudi.

Asubuhi nilikwenda ofisini. Katibu alinipokea vizuri, akaniita dada, akanipa kiti. Nikaeleza kila kitu, polepole, kwa Kiswahili safi kuliko alichotarajia. Alisikiliza. Akasema anaelewa uchungu wangu, lakini jambo limeshatangazwa na limeshapelekwa wilayani kwamba kata yetu imetoa baiskeli. Nikamwambia basi niazimeni, siku moja kwa wiki, mpaka lori la kuichukua lije.

"Mali ya vita haiazimwi, dada," alisema.

Lori lilikuja. Lilipakia magunia ya mahindi na mihogo mikavu tuliyochanga, lilipakia mbuzi, na baiskeli likaiacha kwa kuwa haikupata nafasi. Wakasema itachukuliwa na lori lijalo. Lori lijalo halikusimama kwetu. Kila nilipokwenda dukani niliiona kupitia dirisha la ghala la ofisi, imeegemea ukuta, panya wanakula kiti. Nilikwenda kuuliza mara nyingi mpaka karani akawa akiniona anatokea mlango wa nyuma. Vitani walikuwa wanakwenda kwa vifaru na mizinga, na mtu mzima mwenye akili zake alikuwa ananiambia wanaisubiri baiskeli yangu.

Tulifanya tulichoweza. Nilimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nilimsimamisha, nikaweka miguu yake juu ya yangu tukatembea hivyo uani, na alipochoka nilimfokea, na aliponuna nilifurahi kwa sababu aliyenuna yu hai. Mguu ulirudi kama mtawa alivyosema. Alianza kwenda na fimbo mpaka kwenye kivuli cha jiko, kisha mpaka barabarani. Lakini kile kibao kililegea, mimi nikakifunga kwa kubahatisha, kikamchubua kikamtia kidonda, nikakitoa. Baada ya hapo vidole vikaanza kurudi ndani kimoja baada ya kingine. Nilivikunjua, vikarudi. Nilivikunjua vikapiga kelele ndani ya ngozi, naye akalia, nami nikaacha. Mvua za masika zilipokwisha mkono ulikuwa umeshajifunga.

Vita vikaisha. Watu walicheza barabarani, na mimi nilicheza, sitasema uongo. Wabebaji wetu wa machela walirudi, isipokuwa wawili. Siku chache baadaye katibu kata alikuja nyumbani kwetu akiwa anaisukuma ile baiskeli mwenyewe. Nyuma yake walikuwepo viongozi wa kijiji na watu waliofuata kuona. Magurudumu yalikuwa yamelala, mnyororo una kutu. Alisimama uani akasema serikali haimdhulumu mtu, kwamba ushindi umepatikana, na Baba anamrudishia binti yake zawadi yake. Alisema hivyo, Baba. Wakapiga makofi.

Kisha akamwendea baba yangu, akampa shikamoo ya heshima, akaupokea mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili na kuutikisa.

"Mzee bado ana nguvu," akawaambia watu. "Oneni ngumi hii. Ngumi ya mpiganaji."

Nikasogea karibu naye. Sikupaza sauti. "Ifungue," nikamwambia.

Akacheka kidogo. Akashika kidole cha shahada, akakivuta. Akakivuta tena. Kucha za Baba zilikuwa zimeingia kwenye nyama ya kiganja, harufu ikatoka, na Baba akaguna kwa maumivu. Katibu akaachia. Watu wakatazama chini. Nilingoja aseme neno moja, lolote, kwa lugha yoyote, ningelipokea.

Alifuta vidole vyake kwenye suruali, akageuka akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema inataka kujazwa upepo tu.